Vipele vinavyorudi kwa mtoto mdogo: linganisha vipele kwanza, ndipo uchague dawa

Mtoto katoka vipele, kapakwa dawa, vimenywea. Wiki mbili baadaye vimerudi. Hapo wengi hubadilisha dawa, kisha hubadilisha tena, mpaka droo inajaa mirija iliyotumika nusu. Mara nyingi dawa zenyewe hazikuwa mbovu, ila zilipakwa kwenye vipele visivyo vyake. Permethrini, dawa ya upele (ugonjwa wa kuwasha unaoletwa na kijidudu kinachochimba ngozi), haisaidii mzio wa kung'atwa na wadudu. Krimu ya fangasi haigusi moluska, vipele vya virusi. Krimu yenye steroidi hutuliza karibu kila kinachowasha kwa siku tatu nne huku chanzo kikiendelea chini kwa chini. Ndiyo maana inapendwa, na ndiyo maana inachelewesha watu.

Mambo matatu ya kuangalia kabla ya kwenda duka la dawa

La kwanza ni umri wa kipele kimoja. Usihesabu tatizo zima limedumu miezi mingapi. Fuatilia kipele kimoja tangu kinapotoka hadi kinapoisha. Chukua kalamu ya wino, zungushia vipele vitatu vipya, piga picha kwa simu, kisha tazama kesho yake saa ileile. Kama ndani ya duara hamna kitu tena na uvimbe umehamia kwingine, hayo ni mabaka ya mzio, na krimu ya kupaka haitakuwa na kazi kubwa. Kikiisha ndani ya siku mbili tatu mara tu mtoto alipopata ubaridi, ni harara. Kikiwasha wiki moja au mbili na kuacha doa jeusi, fikiria wadudu. Kikikaa mwezi mzima kikiwa vilevile, kigumu kidogo na kisichowasha sana, moluska inakuwa ya kwanza kwenye orodha.

La pili ni mahali, na hasa mahali ambapo hakuna kipele. Mvue nguo zote mchana karibu na dirisha. Tazama viganja, nyayo, katikati ya vidole, kwapa, kitovu, sehemu za siri, nyuma ya masikio. Nyayo zenye vipele na nyayo safi zinasimulia habari mbili tofauti kabisa, na hapo ndipo watu wengi hawatazami kwa sababu soksi hazikuvuliwa.

La tatu: nani mwingine anajikuna? Uliza kila anayelala kitanda kimoja na mtoto na kila anayembeba, yaya akiwemo.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaoelezwa vitabuni hauonekani hivyo. Uvimbe huonekana wa zambarau, wa kahawia iliyokolea au kijivu, kwa hiyo pitisha ncha za vidole. Ngozi iliyoinuka huhisiwa hata isipoonekana. Halafu kuna madoa meusi yanayobaki baada ya kipele kupona. Hukaa miezi, na wengi huyahesabu kama vipele vilivyogoma kuondoka. Doa lililo bapa, lisilowasha, halihitaji dawa ya vipele.

| | Kinavyoonekana | Kinapokaa | Kuwasha | Kipele kimoja hudumu | Wengine nyumbani |
|---|---|---|---|---|---|
| Upele | Vipele vidogo, mistari myembamba, kwa wachanga hata malengelenge na usaha | Vidole, viganja, nyayo, kwapa, kitovu, sehemu za siri. Kwa wachanga hata kichwani | Sana, hasa usiku | Wiki nyingi bila tiba | Kwa kawaida nao huwashwa |
| Mzio wa kung'atwa | Vipele vigumu kwa makundi, kidoti katikati | Miguu, mikono, kiuno | Sana | Siku kadhaa hadi wiki kadhaa | Mara nyingi mtoto mmoja tu |
| Moluska | Kama lulu, kishimo katikati, milimita 2 hadi 5 | Kiwiliwili, kwapa, mikunjo, uso | Kidogo au hapana | Wiki hadi miezi | Ndugu wanaooga pamoja |
| Harara | Vitone vidogo sana, vingi | Shingo, mgongo, kifua, mikunjo | Huchoma choma | Siku chache akipoa | Hapana |
| Pumu ya ngozi | Ngozi kavu, ya kukwaruza, vipele vidogo juu yake | Mashavu. Baadaye mikunjo ya viwiko na magoti | Sana | Huenda na kurudi | Ukoo wenye pumu au mizio |
| Impetigo (bakteria wa ngozi) | Kidonda chenye kigaga cha rangi ya asali | Kuzunguka pua, mdomo, palipokunwa | Kidogo | Hadi wiki 2 au 3 | Huambukiza haraka |

Upele au wadudu? Hapa ndipo makosa mengi hutokea

Upele huletwa na mdudu mdogo sana, chini ya nusu milimita. Jike huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga humo. Kinachowasha ni mwili kumkataa mdudu, mayai yake na kinyesi chake, na mwili huchukua muda kujifunza kumkataa: anayeupata mara ya kwanza huanza kuwashwa wiki 3 hadi 6 baadaye, aliyewahi kuupata huwashwa ndani ya siku 1 hadi 3. Maana yake ni kwamba siku mtoto anapoanza kulia usiku, mama, baba au dada wanaweza kuwa tayari wanao huku hawana hata muwasho. Wasipotibiwa naye, wanamrudishia. Familia nyingi zinazosema "tumepaka mara tatu na umerudi" zimepaka mtoto mara tatu.

Mzio wa kung'atwa ni kinyume chake. Mbu, kiroboto au kunguni wanang'ata nyumba nzima, ila ngozi ya mtoto wa kati ya miaka 2 na 10 ndiyo inayoumuka. Watu wazima mwili wao umeshazoea, kwa hiyo wanasema nyumbani hakuna wadudu kwa sababu wao hawana alama. Kuna jambo jingine linalochanganya zaidi: ng'ato mmoja mpya mguuni unaweza kuamsha vipele vya wiki iliyopita vilivyokuwa vimelala, vyote vikawasha upya kwa pamoja. Mzazi anaona mlipuko wa vipele ishirini na kutafuta sababu kubwa, kumbe ni mbu mmoja.

Ukisimama katikati ya hayo mawili, viganja, nyayo, kwapa na eneo la nepi ndivyo vitakavyokuamulia. Wadudu wanaong'ata huziacha sehemu hizo mara nyingi. Upele wa mtoto mchanga unazipenda.

Kuna mtego mmoja hapa ambao hata wahudumu wa afya huukosa. Baadhi ya watoto, kwa kawaida wanaoanzia mwaka wa kwanza, hutoka vipele vya usaha viwashavyo kwenye nyayo na viganja, vikakaa wiki moja au mbili, vikaisha, kisha vikarudi baada ya wiki 2 hadi 4, tena na tena. Mara nyingi hufuata baada ya upele uliokwisha kutibiwa na kupona. Hamna mdudu tena humo. Hali hiyo huisha yenyewe, kwa wengi kufikia umri wa miaka 2 au 3, na kumpaka dawa ya upele kila mara kunaiumiza ngozi bure. Ukiona mzunguko wa namna hiyo kwa mtoto ambaye familia yake yote ilitibiwa ipasavyo, omba daktari wa ngozi amwone.

Dawa za upele, moja baada ya nyingine

Permethrini ya asilimia 5 ndiyo tunayoiweka mbele kwa mtoto wa kuanzia miezi 2. Inaua vizuri, haichomi sana, na inapakwa usiku mmoja, kisha inarudiwa baada ya siku 7 hadi 14. Mrija wa gramu 30 ni wa mtu mzima mmoja. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 hutumia takriban robo yake, na aliye chini ya mwaka mmoja humtosha sehemu moja ya nane. Paka kwenye ngozi kavu iliyopoa, kamwe si mara tu baada ya kuoga maji ya moto. Kwa mtu mzima unaanzia shingoni kwenda chini. Kwa mtoto mdogo unapaka na kichwa, masikio na uso, ukiacha macho na mdomo. Sukuma krimu chini ya kucha zilizokatwa, katikati ya vidole vya miguu, kwenye kitovu, mikunjo ya mapaja. Ikae saa 8 hadi 14. Mvalishe soksi mikononi asilambe, na ukimbadilisha nepi au ukimnawisha mikono, pakaa tena pale pale. Mama anayenyonyesha asafishe chuchu kabla ya kunyonyesha, kisha apake tena.

Benzili benzoeti ya asilimia 25 ni ya zamani na inafanya kazi kwa watu wazima. Tatizo lake ni kuchoma. Ngozi iliyokunwa hadi ikachubuka huungua kama imemwagiwa pilipili, na mtoto aliyepakwa mara moja hatakubali mara ya pili. Kwa watoto huchanganywa na maji kiasi sawa kwa sawa, na kwa wachanga sehemu moja ya dawa kwa tatu za maji, lakini kadiri inavyozimuliwa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Kama ndiyo pekee iliyopo, mwombe mfamasia akuchanganyie badala ya kukisia kwa kijiko.

Marhamu ya kiberiti, asilimia 5 hadi 10 ndani ya mafuta ya mgando, inanuka na inachafua shuka. Hupakwa usiku tatu mfululizo. Hata hivyo kwa kichanga wa chini ya miezi 2 ndiyo chaguo linaloaminika zaidi, na kwa mama mjamzito nayo haina shaka. Kichanga wa umri huo apelekwe kliniki kwanza. Asitibiwe kwa makisio.

Ivermektini ni ya kumeza, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa nafasi ya siku 7 hadi 14. Inarahisisha kazi kwa nyumba yenye watu wengi. Haitolewi kwa kawaida kwa mtoto wa chini ya kilo 15, kwa hiyo wadogo wanaoujaza ukurasa huu wengi wao hawaipati.

Vyovyote utakavyochagua, siku ni moja kwa wote wa nyumbani, wanaowashwa na wasiowashwa. Asubuhi yake nguo, taulo na shuka zilizotumika siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi. Visivyofulika, kama midoli na blanketi zito, vifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja. Mdudu huyu hawezi kuishi zaidi ya siku tatu hivi nje ya ngozi ya mtu. Kupuliza dawa ya wadudu chumbani hakuongezi kitu.

Halafu subira. Kuwasha huendelea wiki 2 hadi 4 baada ya wadudu wote kufa, kwa sababu mabaki yao bado yamo ndani ya ngozi. Kwa watoto, vinundu vigumu vya kwapani na sehemu za siri huweza kubaki hata miezi. Hapa ndipo mzazi hupaka dawa mara ya nne na ya tano, ngozi inakauka na kuwasha kwa sababu ya dawa yenyewe, na mzunguko unajitengenezea chakula chake. Kipimo cha kushindwa ni vipele vipya kabisa, au mistari mipya, baada ya wiki 4. Kuwasha peke yake hakutoshi.

Kama ni wadudu wanaong'ata

Chaguo hapa ni kati ya kutuliza ngozi na kumzuia mdudu, na anayefanya la kwanza tu atarudi duka la dawa kila mwezi.

Kutuliza: haidrokotisoni ya asilimia 1, mara mbili kwa siku juu ya vipele vipya, siku 5 hadi 7 basi. Kipimo chake: krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Setirizini ya maji husaidia usingizi usikatike. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 hupewa miligramu 2.5 mara mbili kwa siku. Soma chupa, nguvu hutofautiana. Dawa za mzio za zamani zinazolewesha, hasa promethazini, zisitolewe kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwani zinaweza kudhoofisha upumuaji.

Kumzuia mdudu kunategemea ni yupi. Alama chini ya magoti pekee, na nyumbani kuna paka au mbwa: viroboto. Mnyama atibiwe siku moja na sakafu, mazulia na matandiko yake, na usishangae ng'ato zikiendelea wiki kadhaa, kwa sababu viroboto waliomo ndani ya vifuko vyao hawafi kwa dawa, hutoka baadaye. Alama za mstari au tatu tatu, kwenye ngozi iliyokuwa wazi usiku: inua godoro, tazama mishono yake kwa tochi, utafute vidoti vyeusi vya kinyesi cha kunguni. Kwa mbu, tumia chandarua chenye dawa, kikichomekwa chini ya godoro pande zote. Dawa ya kufukuza wadudu yenye diiti (DEET) ya asilimia 10 hadi 30 inafaa kuanzia miezi 2. Usiipake viganjani mwa mtoto wala karibu na macho na mdomo, na umnawishe akirudi ndani.

Moluska: kusubiri au kuondoa?

Hapa tunaegemea kusubiri, na tunajua si jibu ambalo mzazi alilifuata. Moluska ni virusi vya ngozi. Kwa mtoto mwenye afya huisha vyenyewe, wengi ndani ya miezi 6 hadi 18, wengine zaidi, bila kuacha kovu vikiachwa vipone. Kinachofanya vionekane kama vinarudi ni kwamba kimoja kinakauka leo na vitatu vinachipuka kwapani, ambako mkono ulikuna na kupandikiza.

Upande wa kuondoa kuna njia kadhaa. Kukwangua kwa kijiko kidogo cha daktari humaliza vilivyopo siku hiyohiyo, ila kunauma hata ukitumia krimu ya ganzi, na vilivyokuwa bado chini ya ngozi vitatoka wiki zijazo. Kantharidini ya asilimia 0.7, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa watoto wa kuanzia miaka 2, hupakwa na mhudumu kila baada ya wiki 3, hutoa lengelenge, na huoshwa baada ya saa 24. Haiumi wakati wa kupaka. Huuma kesho yake. Mwaka 2024 iliidhinishwa pia jeli ya berdazima ya asilimia 10.3, ya kupaka nyumbani mara moja kwa siku hadi wiki 12, kuanzia mwaka 1. Nyingi za njia hizi huacha doa jeusi au jeupe kwenye ngozi nyeusi kwa muda, na doa hilo laweza kukaa kuliko kipele chenyewe.

Ondoa kama vipo kwenye kope, vinatoka damu kila mara, au vinamnyima mtoto raha. Vinginevyo tibu ukavu na pumu ya ngozi inayovizunguka, maana mtoto asiyejikuna hapandikizi. Kila mtoto na taulo lake. Visibanwe kwa kucha: kile kijipunje cheupe kinachochomoka kimejaa virusi. Shule haina sababu ya kumzuia. Vifunike kwa nguo au plasta akienda kuogelea.

Siku moja utaona kipele kimoja kimevimba, kimekuwa chekundu, kina usaha kidogo. Wengi hukimbilia antibiotiki. Mara nyingi hiyo ni kinga ya mwili imeshtuka na kuanza kukiua, na wiki chache baadaye vyote vinaanza kutoweka. Kuwe na homa, maumivu makali au wekundu unaosambaa, hapo ndipo uambukizo. Na mtoto mwenye moluska nyingi kubwa kubwa usoni, zisizokoma, achunguzwe kinga ya mwili wake, kipimo cha VVU kikiwemo.

Harara, pumu ya ngozi, na ngozi ya kuku

Hizi tatu huchanganywa kwa sababu zote ni vitone vidogo. Harara ni jasho lililoziba njia yake. Mpunguzie nguo zibaki tabaka moja, mwogeshe maji vuguvugu, mkaushe kwa kumgusa gusa na taulo, mwache alale penye hewa. Kosa la kawaida ni kumpaka mafuta mazito juu yake. Yanaziba zaidi na kesho yake vimeongezeka. Poda nayo huganda mikunjoni, na vumbi lake mtoto hulivuta.

Pumu ya ngozi inataka kinyume: mafuta mazito, mengi, ndani ya dakika 3 baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu, mara mbili kwa siku hata siku ambazo ngozi ni safi. Mtoto anaweza kumaliza gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Anayetumia kikopo cha gramu 50 kwa mwezi hajatibu bado. Steroidi nyepesi huongezwa siku za mlipuko tu. Sasa fikiria mtoto mwenye harara anayepakwa kama mwenye pumu ya ngozi, na utaona kwa nini jedwali la juu linahitajika.

Vipele vikavu vidogo nje ya mikono ya juu na mapajani, visivyowasha, vinavyokwaruza kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, ni protini iliyoziba vinyweleo. Havina madhara. Losheni hutosha.

Vyenye usaha: kupaka au kumeza?

Impetigo ya vidonda vichache mahali pamoja hutosha mupirosini ya asilimia 2, mara tatu kwa siku, siku 5. Lainisha kigaga kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ukitoe, la sivyo dawa inakaa juu ya gamba na bakteria wako chini. Vidonda vikiwa vingi, sehemu mbalimbali, au ndugu wote wameambukizwa, ni antibiotiki ya kumeza kutoka kwa daktari. Mtoto hurudi shuleni saa 24 baada ya kuanza dawa.

Impetigo inayorudi kila mwezi mara nyingi imekalia kitu kingine. Chini yake kuna upele, ng'ato au pumu ya ngozi inayokunwa, na kucha ndizo zinazopanda bakteria. Usaha utakauka kwa siku 5, mdudu wa upele ataendelea, na mwezi ujao utaanza upya. Kwa hiyo kila impetigo ya tatu ni sababu ya kumkagua mtoto vidole na nyayo.

Majipu ni ya kukandwa kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Usiyakamue, makubwa yapasuliwe kliniki. Yanayojirudia yanaashiria kuwa bakteria wamejenga puani mwa mtoto au mwa mtu wa nyumbani, na daktari anaweza kuagiza mupirosini ya puani mara mbili kwa siku kwa siku 5, pamoja na sabuni ya kloreksidini, kwa familia nzima.

Krimu ya mchanganyiko

Kuna mirija inayouzwa kwa jina la kutibu kila kitu: steroidi kali kama betamethazoni au klobetasoli, dawa ya fangasi na antibiotiki, vyote pamoja. Kwa mtoto mdogo tunaikataa bila kigugumizi. Ikiwa ni fangasi, steroidi hufuta ule ukingo wa duara unaoitambulisha huku fangasi wakisambaa. Ikiwa ni upele, kuwasha hupungua na wadudu wakaongezeka. Ndani ya nepi, palipofunikwa, steroidi huingia mwilini kwa wingi, na ngozi hukonda na kupauka. Dalili yake ya wazi: ukiiacha siku tatu, vipele vinarudi vikali kuliko mwanzo, na mtu anaamini kwamba dawa ndiyo inayofaa. Mafuta ya taa na dawa ya wadudu ya mifugo hayana hata nafasi kwenye ulinganisho.

Asiyepaswa kusubiri

Mpeleke leo mtoto wa chini ya mwezi 1 mwenye vipele vya usaha au malengelenge. Vivyo hivyo mwenye homa pamoja na vipele na asiyenyonya au aliyelegea. Mwenye madoa yasiyofifia ukiyabana kwa glasi. Mwenye pumu ya ngozi aliyetoka ghafla malengelenge mengi yanayofanana na yanayouma. Mwenye uvimbe wa moto unaosambaa, hasa karibu na jicho. Baada ya impetigo au upele uliooza, mkojo wa rangi ya chai au kope zilizovimba asubuhi ni figo zinalalamika, na hilo laweza kuja hata wiki 3 hadi 6 baada ya ngozi kupona.

Kwa wengine wote, ukiwa umemaliza duru mbili kamili za tiba iliyochaguliwa kwa utaratibu na vipele vipya bado vinatoka, usinunue ya tatu. Nenda na picha za duara la kalamu, mirija yote uliyotumia, na uombe ngozi ikwanguliwe itazamwe kwa darubini. Usimpake kitu chochote siku moja kabla, ili kipimo kisipotoshwe na krimu.